MTOTO KABLA YA DARASA LA KWANZA
Historia inawafundisha nini wazazi, walezi na watumishi wa misaada

Mwezi wa Juni una siku mbili ambazo sisi wakimbizi wa bara hili hatuwezi kuzipita kimya. Tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 2001. Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wameandika juu ya vita, safari na mipaka. Sisi walimu tumeona vema tuandike juu ya mtu ambaye hana kumbukumbu ya kusimulia: mtoto mdogo, tangu kuzaliwa hadi kufikia miaka 3 hivi.

Sababu yetu ni hii. Kila mwaka wa masomo unapoanza tunapokea darasa la kwanza watoto waliozaliwa hapa hapa kambini. Wamekula mgao uleule na wamepewa chanjo zilezile. Hata hivyo hawafiki kwetu wakiwa sawa. Yupo anayeuliza jina la kila kitu anachokiona, akianguka analia, akifarijiwa ananyamaza na kurudi mchezoni. Yupo mwingine hasemi, hatazami uso wa mtu, na hata akinyang'anywa kalamu halii wala hadai. Wazazi hutuambia kwamba kila mtu na akili aliyojaliwa na Mungu. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Sehemu kubwa ya tofauti hizo huanza kujengwa mapema sana, katika miaka ambayo watu wazima hudhani kwamba mtoto hajui kitu.

Elimu hiyo haikupatikana kwa urahisi. Ilipatikana kwa vifo, kwa vita na kwa umaskini wa watoto wa nchi nyingi, wengi wao wakimbizi kama sisi. Kwa hiyo inafaa tuisome kama historia yetu.

Nyumba safi iliyoshindwa kulea

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, watoto wachanga waliotupwa au kufiwa na wazazi waliwekwa katika nyumba kubwa za kulelea. Madaktari wa siku hizo waliogopa vijidudu vya magonjwa kuliko kitu kingine chochote. Watoto walitenganishwa mmoja mmoja vitandani, na kuwabeba au kuwachezesha kulionekana kuwa ni hatari au kupoteza wakati. Chakula kilikuwapo na usafi ulikuwapo, lakini watoto walidhoofu na wengi wakafa.

Mwaka 1945 daktari René Spitz, aliyezaliwa Vienna na kuhamia Marekani, alitangaza matokeo ya kulinganisha mahali pawili. Pa kwanza palikuwa nyumba ya watoto waliotelekezwa, yenye usafi mkubwa, ambamo kila muuguzi alikuwa na watoto wapatao 8 wa kuwatunza. Pa pili palikuwa sehemu ya watoto ndani ya gereza la wasichana, ambamo mama mfungwa alimlea mtoto wake mwenyewe. Mtu angetazamia kwamba watoto wa gerezani ndio watakaoharibika. Mambo yalikuwa kinyume. Katika ile nyumba safi, zaidi ya theluthi moja ya watoto walikufa katika muda wa miaka 2, na wengi wa waliobaki walichelewa mno kutembea na kusema. Gerezani hakufa hata mmoja, na watoto walikua kama watoto wa kawaida.

Baadaye wataalamu walimkosoa Spitz kwa namna alivyofanya hesabu zake. Lakini swali lake halikuzimika tena: mtoto aliyeshiba na kuoshwa hupungukiwa na nini anapokosa mtu wa kwake?

Mabomu ya London

Jibu lilianza kuonekana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Septemba 1939 serikali ya Uingereza iliwahamisha watu wapatao milioni 1.5, wengi wao watoto, kutoka mijini hadi mashambani ili kuwaepusha na mabomu. Watoto wengi walikwenda bila wazazi.

Katika London alikuwako mkimbizi mmoja, Anna Freud, aliyekimbia Vienna pamoja na baba yake mwaka 1938 baada ya Ujerumani ya Hitler kuitwaa Austria. Yeye na mwenzake Mmarekani, Dorothy Burlingham, waliendesha nyumba za kulelea watoto wa vita katika mtaa wa Hampstead hadi vita ilipokwisha mwaka 1945. Waliandika kila siku walichokiona kwa watoto wao. Waliona kwamba mtoto mdogo aliyekuwa pamoja na mama yake wakati mabomu yakianguka mara nyingi alistahimili, hasa kama mama mwenyewe alikuwa mtulivu. Kilichomwumiza mtoto zaidi kuliko milio ya mabomu ni kutengwa ghafla na watu wake.

Waliona jambo la pili pia. Mwanzoni walezi wote walihudumia watoto wote kwa zamu. Watoto walikula na kulala vizuri, lakini maneno yao yalikuwa machache na usafi wao ulikuwa wa shida. Basi wakaamua kuwagawa watoto katika vikundi vidogo vya watoto wapatao 4 au 5, kila kikundi na mlezi wake mmoja kama mama wa nyumba. Siku za kwanza zilikuwa za fujo: wivu, vilio, na kung'ang'ania nguo ya mlezi asiondoke. Mgeni angesema kwamba watoto wameharibika. Lakini baada ya muda mfupi walianza kusema zaidi, kucheza vizuri zaidi na kujifunza usafi. Chakula hakikubadilika, wala nyumba haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kila mtoto alipata mtu ambaye angeweza kumwita wake.

Watoto sita wa Theresienstadt

Mwaka 1945, baada ya vita kwisha, watoto Wayahudi 6 wenye umri wa miaka 3 hivi walifikishwa Uingereza kutoka kambi ya Theresienstadt, nchini Chekoslovakia ya wakati huo. Wazazi wao walikuwa wameuawa na Wanazi. Walikuwa wameingia kambini wakiwa wachanga, wakapitia mikono ya watu wengi, watu ambao nao walikuwa wakihamishwa kupelekwa kuuawa. Walezi waliowapokea katika nyumba moja huko Sussex walikuta watoto wanaouma, wanaotema mate na kuvunja vitu vya kuchezea. Hawakumwamini mtu mzima yeyote.

Lakini kati yao wenyewe walikuwa kitu kimoja. Hawakukubali kutenganishwa hata kwa muda mfupi. Mezani mtoto alijali zaidi mwenzake apate chakula kuliko kula yeye mwenyewe. Anna Freud na Sophie Dann walipoandika habari zao mwaka 1951, walionyesha kwamba watoto hao, kwa kukosa mama na baba, walikuwa wamepeana wenyewe kwa wenyewe yale mapenzi ambayo wengine huyapata kwa wazazi. Katika muda wa mwaka mmoja walijifunza lugha mpya na wakaanza kuwapenda walezi wao.

Sisi tulioishi kambini tunalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Ndugu wawili waliovuka mpaka wameshikana mikono ni familia, hata kama mkubwa ana miaka 6. Anayewatenganisha ili kuwapangia nafasi mbalimbali anawaondolea kile kidogo kilichowabakia.

Somo lililotoka vijijini Buganda

Mwaka huohuo wa 1951 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya daktari Mwingereza, John Bowlby, juu ya watoto wasio na makao baada ya vita. Bowlby alisema kwamba mtoto anahitaji upendo wa karibu na wa kudumu wa mama au mtu anayeshika nafasi ya mama, kama vile mwili unavyohitaji chakula.

Ilibaki kuonekana jinsi upendo huo unavyojengwa siku kwa siku. Hilo lilichunguzwa kwa jirani zetu. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Kampala mwaka 1954. Alitembelea kina mama 26 wenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya Buganda, akikaa nao nyumbani kwa saa nyingi kwa muda wa miezi kadhaa. Aliona kwamba mtoto akishajua kutambaa humfanya mama kuwa maskani yake. Huondoka kwenda kuchezea kitu, hugeuka kumwangalia mama, huenda mbele kidogo, kisha hurudi. Anayejua kwamba maskani yake ipo huthubutu kwenda mbali na kujifunza mengi. Asiye na hakika nayo hulia na kung'ang'ania, au hukata tamaa na kukaa kimya.

Ainsworth aliona pia kwamba watoto waliotulia zaidi ni wale ambao mama zao waliwaangalia kwa makini na kuitikia haja zao. Kwa hiyo maneno ya wazee wetu wengine kwamba mtoto akibebwa kila anapolia ataharibika hayapati ushahidi hapa. Mtoto mchanga anayeitikiwa hajifunzi ujeuri, bali hujifunza kwamba duniani yupo wa kumwitikia. Kitabu cha Ainsworth juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na elimu iliyotoka katika nyumba zile za vijijini inafundishwa hadi leo katika vyuo vya dunia nzima.

Saa ya ubongo: Romania

Je, kuchelewa kuna hasara? Hilo lilionekana nchini Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba ikitaka idadi ya watu iongezeke. Familia maskini zilizidiwa, na watoto wakapelekwa katika nyumba za serikali. Utawala huo ulipoanguka mwezi wa Desemba 1989, dunia ilikuta zaidi ya watoto 100,000 katika nyumba hizo, wengine wakijitikisa peke yao vitandani mchana kutwa.

Kuanzia mwaka 2001 wataalamu waliwafuatilia watoto 136 wa nyumba za Bucharest, wote wakiwa chini ya miaka 3. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia, na nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida wa nchi, ingawa hakuna aliyezuiwa kutoka kama familia ilipatikana baadaye. Walipofikia miezi 54 walipimwa akili kwa kipimo ambacho wastani wake ni 100. Waliobaki walipata wastani wa 73. Waliolelewa na familia walipata 81. Watoto wa mji uleule waliokulia kwao tangu kuzaliwa walipata 109. Tena, waliopata familia kabla ya kutimiza miaka 2 kwa jumla walifaidika kuliko waliochelewa.

Ubongo una saa yake. Mtoto anapozaliwa ubongo wake ni kama robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Akifikisha miaka 2 umekwisha kufikia kama robo tatu. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, na wengi wetu tunapoitumia methali hiyo tunafikiria fimbo na nidhamu kwa mtoto wa miaka 7. Historia inatuonyesha kwamba samaki yu mbichi zaidi akiwa bado mgongoni kwa mama.

Hata hivyo tusimkatie tamaa mtoto aliyechelewa. Watoto wa Bucharest waliopata familia baadaye nao walipata nafuu, na wale 6 wa Theresienstadt walijifunza kupenda. Kuchelewa huongeza kazi, lakini hakufungi mlango.

Saa moja kwa wiki: Jamaika

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya nchi zenye fedha, sisi tufanye nini? Jibu linatoka katika mitaa ya maskini ya Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 waliodumaa kwa utapiamlo, wenye umri kati ya miezi 9 na 24. Wakawagawa katika mafungu 4. Fungu moja lilipewa chakula cha nyongeza cha maziwa. La pili lilitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii, saa 1 kila wiki. La tatu lilipata yote mawili. La nne halikupata nyongeza hiyo.

Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walikwenda na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumbani, wakamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kumwambia majina ya vitu, kumsifu anapojaribu, na kuendelea hivyo siku nyingine wakati mhudumu hayupo. Kazi hiyo ilidumu miaka 2 tu.

Baada ya miaka hiyo 2, chakula na mchezo vyote viwili vilikuwa vimesaidia, na waliopata vyote walisonga mbele kuliko wote. Lakini watoto walipofuatiliwa hadi ujana, faida ya ile nyongeza ya chakula peke yake haikuonekana tena, bali faida ya mazungumzo na michezo iliendelea. Walipokuwa na umri wa miaka 22 hivi, wale waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kinachozidi cha wenzao kwa asilimia 25, kama ilivyotangazwa mwaka 2014. Mtu asielewe kwamba chakula hakina maana, kwa maana mtoto mwenye njaa hawezi kucheza. Maana yake ni kwamba bakuli la uji na sauti ya mama vinapaswa kwenda pamoja.

Nchi zetu za Maziwa Makuu

Nasi tuna historia yetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu waliingia Goma kutoka Rwanda katika siku chache, na kipindupindu kikawakuta huko. Maelfu ya watoto walionekana peke yao, na mashirika yakafungua vituo vya kuwapokea. Vituo hivyo viliokoa maisha. Lakini ilidhihirika haraka kwamba palipo na chakula kingi na dawa kuliko katika mahema, wazazi na jamaa walioshindwa waliwapeleka hata watoto wenye watu wao. Msaada ulipoishia kituoni, mtoto aliifuata sahani akaiacha familia.

Mwaka huohuo wa 1994 UNHCR ilitoa mwongozo wake juu ya ulinzi na utunzaji wa watoto wakimbizi, unaosisitiza kuisaidia familia ili mtoto asaidike, na kutowatenganisha ndugu. Katika Rwanda yenyewe mpango wa Tubarere Mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia, ulianza katika miaka ya 2010 kuwatoa watoto katika nyumba za yatima na kuwarudisha kwa jamaa au kwa familia za kuwalea.

Mambo tunayopendekeza

Hatuandiki ili kuwalaumu kina mama. Mama anayekwenda kuteka maji alfajiri, akatafuta kuni, akasimama foleni ya mgao kutwa nzima, hakumwacha mtoto kwa kutompenda. Lakini anapoachiwa dada wa miaka 8, tunapoteza watoto wawili: mdogo amekosa mtu mzima, na mkubwa amekosa darasa. Sisi walimu tunaiona hasara hiyo katika daftari la mahudhurio kila siku ya mgao.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati ya Jumuiya ipokee mambo manne.

Kwanza, kila mtaa uchague kina bibi na kina mama wachache wanaoaminika, wawatunze watoto wadogo siku za mgao, watu walewale kila mara, kila mmoja na watoto wachache anaowajua kwa majina. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono inayobadilika kila siku nayo hailei.

Pili, mtoto asiye na wazazi akae katika familia moja, pamoja na ndugu zake, na viongozi wa mtaa wamtembelee mara kwa mara ili kuhakikisha kwamba analelewa na hatumikishwi.

Tatu, tunawaomba watumishi wa misaada waufanye msaada umfuate mtoto nyumbani kwa walezi wake. Tena, mahali pa kupimia uzito na kugawa uji wa watoto pawe pia mahali pa mama kuonyeshwa michezo, kwa kuwa mama yupo pale tayari na anasubiri.

Nne, kina baba nao washiriki. Kumwita mtoto jina, kumwimbia kwa lugha ya kwao, kumtengenezea gari la mabua au mpira wa matambara, kumweleza unachokifanya unapofunga turubai: hakuna hata moja linalohitaji kibali wala fedha.

Mkutano wa wazazi na walimu wa mwezi ujao utakuwa nafasi nzuri ya kuanza na jambo la kwanza. Tunawaomba viongozi wa mitaa waje na majina ya wale kina bibi, ili siku ya mgao unaofuata dada wakubwa waonekane darasani.